Kisa cha Carl Laemmle: undugu uliomponza na undugu uliookoa watu

Carl Laemmle, mwanzilishi wa kampuni ya filamu ya Universal, anakumbukwa kwa mambo mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. La kwanza ni kwamba aliwajaza ndugu zake katika kampuni, akamkabidhi mwanawe uongozi wa utayarishaji alipotimiza miaka 21, na mwezi Machi 1936 akaipoteza kampuni yote. La pili ni kwamba katika miaka michache iliyofuata, akiwa mzee asiye na ofisi wala cheo, alitia sahihi hati za kiapo za kuwadhamini Wayahudi zaidi ya 300 wa Ujerumani ili wapate viza ya kuingia Marekani, wengi wao wakiwa watu wa mji wake wa kuzaliwa. Waandishi wa habari za biashara hulitumia jambo la kwanza kama onyo dhidi ya upendeleo wa ndugu. Waandishi wa historia ya mateso ya Wayahudi hulitumia la pili kama sifa ya mtu mwema. Ninavyoona mimi, hayo ni matendo ya tabia moja, na mtu akiyatenganisha atakuwa amemhukumu Laemmle mara mbili kwa nusu ya ushahidi.

Swali ambalo kisa hiki kinaliuliza linamgusa kila anayejenga biashara ugenini: familia yake aiweke wapi, ndani ya biashara, pembeni yake, au juu yake? Laemmle aliiweka ndani na juu kwa pamoja. Ili kuelewa kwa nini alifanya hivyo, na kwa nini matokeo yalikuwa mazuri mahali pamoja na mabaya mahali pengine, ni lazima tuanze na jinsi alivyoondoka kwao.

Kijana aliyengoja

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1867 huko Laupheim, mji mdogo wa ufalme wa Württemberg kusini mwa Ujerumani, ambao wakati huo ulikuwa na mojawapo ya jumuiya kubwa za Wayahudi katika ufalme huo. Wazazi wake, Julius na Rebekka, walikuwa watu wa kipato cha kawaida waliojaliwa watoto wengi na kuwazika wengi wao wakiwa bado wadogo. Alipofika miaka 13 alipelekwa Ichenhausen, Bavaria, akawe mwanagenzi katika nyumba ya biashara ya vifaa vya kuandikia. Huko alifagia, alitumwa, na hatimaye alifundishwa kutunza vitabu vya hesabu, ujuzi uliomlisha kwa zaidi ya miaka 20 baadaye.

Hamu ya kwenda Marekani alikuwa nayo mapema. Kaka yake Joseph alikwisha kutangulia, na vijana wa umri wake walisoma kwa shauku hadithi za mbuga za magharibi ya nchi hiyo. Lakini mama yake hakuridhia, na Carl alimwahidi kwamba hataondoka maadamu yeye yu hai. Rebekka alifariki mwaka 1883. Ndipo baba yake alipomkatia tiketi, na mwezi Februari 1884, akiwa na umri wa miaka 17, aliteremka New York kutoka katika meli iliyoitwa Neckar.

Nalitaja jambo la ahadi kwa makusudi. Wahamiaji wengi wa karne ile waliondoka kwa kutoroka, kwa ugomvi au kwa kukimbia jeshi. Huyu alikuwa na kiu ya safari iliyomkereketa, lakini alikubali kuiahirisha kwa sababu ya neno alilompa mama yake. Alipoondoka, aliondoka kwa baraka na kwa nauli ya baba. Kwa hiyo hakuwa na kinyongo na Laupheim, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini alirudi huko karibu kila kiangazi baada ya kufanikiwa, na kwa nini mji ule ulikuwa na haki juu yake moyoni mwake hata ulipomgeuka.

Miaka 22 ya kwanza ya ugenini haikuwa na utajiri wowote. Alikuwa tarishi wa duka la dawa New York, akaenda Chicago kwa kaka yake, akajaribu kazi ya shambani South Dakota kwa muda mfupi, kisha akaingia katika kazi za ukarani wa hesabu. Mwaka 1894 alihamia Oshkosh, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, katika duka la nguo lililoitwa Continental, na akapanda hadi kuwa meneja. Mwaka 1898 alimwoa Recha Stern, jamaa wa mwenye duka, naye pia mzaliwa wa Ujerumani. Walipata binti, Rosabelle, na baadaye, mwaka 1908, mtoto wa kiume waliyempa jina la babu yake, Julius. Kwa kuoa ndani ya ukoo wa tajiri wake, Laemmle alijifunza mapema kwamba biashara na shemeji vinaweza kukaa chini ya paa moja. Na alipokosana na tajiri huyo kuhusu malipo, akaacha kazi, alijifunza pia kwamba paa hilo linaweza kuvuja. Fundisho la kwanza lilimkaa zaidi kuliko la pili.

Senti tano mlangoni

Mwanzoni mwa mwaka 1906 alikuwa Chicago, ana miaka 39, mke, mtoto na akiba ya dola elfu chache. Nia yake ilikuwa kufungua duka la bidhaa za bei ndogo. Akiwa katika kutafuta jengo, aliona foleni ya watu mbele ya ukumbi mdogo uliokuwa ukionyesha filamu kwa senti tano. Alisimama akawahesabu walioingia, akapiga hesabu ya mapato ya siku nzima, na akaachana na mpango wa duka. Watu wengi waliiona foleni ile. Karani wa hesabu aliona kwamba hapa bidhaa haiishi ghalani, haichakai kama nguo, na mteja hulipa kabla hajaipata.

Tarehe 24 Februari 1906 alifungua ukumbi wake katika barabara ya Milwaukee. Upande wa mbele aliupaka rangi nyeupe, akauita White Front. Kumbi za senti tano zilikuwa na sifa mbaya: giza, uchafu, watu wasiojulikana. Laemmle alitaka mama mwenye watoto apite pale mchana, aone weupe ule, na aingie bila wasiwasi. Ukumbi wa pili, alioufungua miezi michache baadaye, aliuita Family Theatre. Mteja aliyemfikiria alikuwa kaya nzima, na bei ya senti tano ilikuwa na maana kwa sababu iliweza kuzidishwa kwa baba, mama na watoto wanne.

Hakukaa sana katika kumbi. Wasambazaji walipomletea filamu mbovu na kuchelewa, alifungua ofisi yake ya kukodisha filamu, na ikawa mojawapo ya kubwa nchini. Ndipo alipokutana na ukiritimba. Mwezi Desemba 1908 kampuni za Thomas Edison na wenzake ziliunganisha hataza zao (haki za kisheria za uvumbuzi) za kamera na projekta, zikaunda chombo kimoja kilichodai dola 2 kila wiki kutoka kwa kila mwenye ukumbi, na kuamua nani auziwe filamu na nani anyimwe. Mwezi Aprili 1909 Laemmle alijitoa. Kwa kuwa kujitoa kulimaanisha kukosa filamu, alianza kuzitengeneza mwenyewe kupitia kampuni aliyoiita Independent Moving Pictures, kwa kifupi IMP.

Wenye hataza walimfungulia kesi 289 katika muda wa takriban miaka mitatu. Wapelelezi walitumwa kutafuta kamera zisizo na leseni. Kundi la waigizaji wake, akiwemo Mary Pickford, lilipelekwa Cuba kufanya kazi mbali na macho yao. Upande wake, Laemmle na mshirika wake Robert Cochrane, mtaalamu wa matangazo, walichapisha katuni za kumkejeli mkiritimba, na walimvuta mwigizaji Florence Lawrence kutoka kampuni nyingine na kulitangaza jina lake wakati ambapo kampuni nyingi ziliyaficha majina ya waigizaji ili wasidai mishahara mikubwa. Mwaka 1912 aliungana na watayarishaji wengine huru kuunda Universal, na mwaka 1915 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba chombo cha wenye hataza kilikiuka sheria ya ushindani.

Mtu wa miaka 42 mwenye watoto wawili wadogo alithubutuje kupigana na Edison? Jibu liko katika vitabu vyake vya hesabu. Dola 2 kwa wiki zisingemfilisi. Kilichomfilisi mtu ni kutegemea mgavi mmoja anayeweza kumfungia bomba siku yoyote. Aliona kwamba kutii kulikuwa na gharama isiyoonekana, na kwamba wenye kumbi wadogo wenzake wangenunua kwa yeyote atakayesimama. Ujasiri wake wa biashara ulikuwa wa aina hiyo daima: alihesabu kwanza, kisha akaruka mbali kuliko wengine. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu katika jambo la mwanawe hakuhesabu.

Tarehe 15 Machi 1915 alifungua Universal City katika bonde la San Fernando, kaskazini mwa Los Angeles, kwenye shamba la ekari 230. Lilikuwa na mtaa wa maduka ya uongo, farasi, wanyama wa porini, hospitali na polisi wake. Umma ulikaribishwa: kwa senti 25 mtu alikaa kwenye majukwaa akatazama filamu ikipigwa, akazomea mwovu na kumshangilia shujaa, na chakula cha mchana kiliuzwa kwenye kisanduku. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo kelele za watazamaji hazikudhuru kitu. Hata hapa aliwawazia watu waliokuja na familia zao.

Ndugu kazini

Recha alifariki Januari 1919, mwathirika wa janga la mafua lililozunguka dunia. Laemmle alikuwa na takriban miaka 52 na hakuoa tena. Rosabelle na mdogo wake walikuwa dunia yake. Mtoto wa kiume, aliyezaliwa Julius, alikuja kuitwa Carl Laemmle mdogo, na studio nzima ilimwita Junior.

Katika miaka hiyo milango ya Universal ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye damu ya Laupheim. Makadirio ya kawaida ni kwamba ndugu na jamaa wapatao 70 walikuwa kwenye orodha ya mishahara kwa wakati mmoja. Wafanyakazi wote walimwita Mjomba Carl, na kwa wengi wao jina hilo halikuwa la heshima tu. Sisi tunaoijua undugunaizesheni katika ofisi zetu tunajua jinsi hali hiyo inavyoweza kuharibu kazi: mwenye ujuzi anakata tamaa, mwenye mjomba analala. Lakini mfano wa William Wyler unatutaka tusikimbilie hukumu. Mama yake alikuwa binamu wa Laemmle. Mwaka 1920 Laemmle alimchukua kijana huyo kutoka Ulaya, akampa kazi ya chini katika ofisi ya New York, huku sehemu ya mshahara wake ikikatwa kila wiki kurudisha nauli ya meli. Wyler alipanda hatua kwa hatua, akaongoza filamu ndogondogo za wachunga ng'ombe, na hatimaye akashinda Oscar tatu za uongozaji. Ndugu alipewa mlango na deni la nauli, na hakuna aliyempa kiti cha mbele. Mpango ulipokuwa wa namna hiyo, undugu uliiletea kampuni vipaji ambavyo tangazo la kazi lisingevipata.

Ulinganisho wenye mafunzo zaidi ni wa vijana wawili waliokabidhiwa studio. Wa kwanza alikuwa Irving Thalberg, asiye ndugu, aliyekuwa katibu wa Laemmle. Alipewa usimamizi wa Universal City akiwa na miaka takriban 20. Mwaka 1922 mwongozaji maarufu Erich von Stroheim, aliyezoea kutumia fedha bila kuulizwa, alianza filamu yake iliyofuata kwa mtindo uleule. Thalberg alimwondoa kazini katikati ya upigaji picha, na Laemmle hakumpinga kijana wake. Mwaka 1923 Thalberg aliondoka kwenda kwa Louis B. Mayer, akaijenga MGM. Universal haikupata tena msimamizi wa kiwango chake.

Wa pili alikuwa Junior, aliyekabidhiwa utayarishaji wote mwaka 1929. Watu humchora kama mtoto aliyedekezwa asiyejua kitu, na picha hiyo si ya haki. Yeye ndiye aliyesukuma filamu ya vita iliyotokana na riwaya ya Erich Maria Remarque kuhusu askari wa Kijerumani, ambayo baba yake aliisitasitia, na ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 1930. Yeye ndiye aliyeleta Dracula na Frankenstein mwaka 1931, filamu zinazoilipa Universal hadi leo. Alikuwa na jicho. Alichokosa ni mtu wa kumwambia hapana. Thalberg alikuwa na tajiri juu yake. Junior alikuwa na baba. Msimamizi wa fedha akilalamika, analalamika kwa mzazi kuhusu mtoto wa pekee wa kiume wa mke aliyekufa. Na shemeji yake, Stanley Bergerman, mume wa Rosabelle, alikuwa mtayarishaji katika studio hiyohiyo, kwa hiyo hata mlango wa pili wa kusemea ulikuwa wa nyumbani.

Hata hivyo nakataa maelezo mepesi kwamba ndugu ndio walioiangusha kampuni. Universal ilikuwa na udhaifu wa msingi kuliko huo: haikumiliki kumbi nyingi za mijini kama wapinzani wake Paramount na MGM walivyomiliki, na wateja wake wakubwa walikuwa kumbi ndogo za vijijini, zile ambazo mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulizipiga kwanza. Kubadilisha mitambo kwa ajili ya filamu za sauti kuligharimu mno. Mishahara ya binamu 70, wengi wao wa ngazi za chini, isingeweza kulingana na bajeti moja ya filamu kubwa iliyovuka makadirio.

Kilichomaliza mambo kilikuwa karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1935, filamu ya muziki ya Show Boat ikiwa inatengenezwa na fedha zikiwa zimepungua, Laemmle alikopa dola 750,000 kutoka kampuni ya Standard Capital, na katika mkataba akawapa wakopeshaji haki ya kuinunua Universal kwa dola milioni 5.5 kama wangetaka. Filamu ilizidi bajeti na wakopeshaji wakataka. Tarehe 14 Machi 1936, mwaka wa 21 tangu lango la Universal City lifunguliwe, baba na mwana walikuwa nje. Show Boat ilitolewa wiki chache baadaye, ikapendwa sana, na faida ikaenda kwa wenye mali wapya. Junior hakutengeneza filamu nyingine maishani mwake.

Mtu aliyekataa dola 2 za wiki kwa sababu aliuona mtego nyuma yake ndiye aliyetia sahihi mkataba ule akiwa na miaka 68. Naamini tofauti ni hii: mwaka 1909 aliyepaswa kulindwa alikuwa mteja na kampuni, mwaka 1935 aliyepaswa kulindwa alikuwa kijana aliyekuwa katikati ya filamu yake kubwa. Kusimamisha filamu kungekuwa kumwaibisha mwanawe mbele ya mji mzima. Baba aliweka rehani nyumba ya wote ili mtoto amalizie chumba kimoja.

Laupheim inageuka

Mapenzi yake kwa Ujerumani nayo yalikuwa na bei. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Universal ilisambaza filamu kali za kumshambulia Kaizari, na wenyeji wa nchi yake ya zamani hawakusahau. Vita vilipokwisha, Laemmle alituma chakula, nguo na fedha, akawaomba Wamarekani wawasaidie Wajerumani wenye njaa, na mji wa Laupheim ukamfanya raia wa heshima na kuipa barabara jina lake.

Filamu ya Remarque ilipofika Berlin, Desemba 1930, Joseph Goebbels, kiongozi wa Wanazi jijini humo, na wafuasi wake walitupa mabomu ya kunuka na kufungulia panya ndani ya ukumbi. Siku chache baadaye serikali iliipiga marufuku. Laemmle alikubali kuikata vipande ili iruhusiwe tena. Hapo alikosea, na kosa lilitokana na kutotaka kukubali kwamba nchi aliyoipenda inabadilika. Lakini alizinduka mapema kuliko wengi. Mwezi Januari 1932, mwaka mzima kabla ya Hitler kushika madaraka, alimwandikia mmiliki wa magazeti William Randolph Hearst akimsihi atumie sauti yake kuonya dhidi ya mtu huyo, kwa ajili ya Wayahudi wa Ujerumani. Mwaka 1933 barabara ya Laupheim ilipokonywa jina lake.

Hati za kiapo

Kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1924, Marekani ilitoa viza kwa mgao wa kila nchi, na kwa agizo la mwaka 1930 konseli, yaani maafisa wa Marekani waliotoa viza ng'ambo, walitakiwa kumnyima viza yeyote ambaye huenda angekuwa mzigo kwa serikali. Myahudi aliyenyang'anywa mali na Wanazi hakuwa na namna ya kuthibitisha uwezo wake. Kilichobaki ni mdhamini: mtu anayeishi Marekani aape kwa maandishi kwamba atamtunza mgeni, aonyeshe mapato, akiba na kodi alizolipa, na atume hati hiyo ubalozini. Watanzania na Wakenya walioleta jamaa zao Marekani wanaijua vema karatasi ya namna hii, na wanajua kwamba kila jina jipya linapunguza uzito wa lililotangulia, kwa kuwa mali ya mdhamini ni ileile.

Laemmle alianza na ndugu wa damu. Kisha wakaja jamaa wa mbali, kisha majirani wa zamani wa Laupheim, kisha watu ambao hakuwahi kuwaona, walioandika barua wakitaja tu kwamba babu zao walitoka mji ule. Ofisi ya viza ya Stuttgart, iliyohudumia eneo lile, ilianza kusita. Hoja zake zilikuwa mbili: mdhamini ni mzee wa zaidi ya miaka 70, na ameshaahidi kuwatunza watu wengi mno, tena wengi wao si ndugu zake, kwa hiyo akikataa kuwalisha hakuna kitakachomsuta. Mwaka 1938 Laemmle alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Cordell Hull, akilalamikia ugumu huo na kueleza kwamba hajawahi kuguswa na jambo lolote maishani kama alivyoguswa na mateso ya watu hawa wasio na hatia. Aliposhindwa kuongeza majina yake mwenyewe, aliwasukuma wengine watie sahihi, miongoni mwao watu aliowaleta Marekani na kuwapa kazi yeye mwenyewe miaka ya nyuma.

Hapa ndipo nusu mbili za kisa zinapokutana. Wale binamu waliochekwa kuwa mzigo wa Universal walikuwa sasa raia wa Marekani wenye mishahara, anwani na akaunti za benki, yaani wadhamini. Ajira za miaka ya 1920, ambazo mkaguzi wa hesabu angeziona kama hasara, zilikuwa zimehamisha sehemu ya mji mdogo wa Württemberg hadi California kabla mlango haujafungwa. Laemmle hakupanga hivyo, hakuna aliyejua. Lakini mtu asiyezoea kumfungulia mlango binamu asingekuwa na mtandao huo siku ulipohitajika, na kijana kama Wyler asingekuwa mahali pa kuombwa sahihi.

Na kuna tofauti nyingine, ambayo kwangu ndiyo kiini. Katika kampuni, fadhila ya Laemmle kwa ndugu ililipwa pia na watu wasioulizwa: wanahisa wadogo, mafundi wa studio, waigizaji ambao ajira zao zilitegemea uamuzi wa baba asiyeweza kumkatalia mwanawe. Katika hati za kiapo alichoweka rehani kilikuwa chake mwenyewe, yaani nyumba yake, akiba yake na jina lake, na fedha alizopata katika mauzo yale ya 1936 ndizo zilizozipa hati hizo uzito mbele ya konseli. Tabia haikubadilika. Kilichobadilika ni mfuko uliobeba gharama. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba alipaswa kuwa mtu mkali zaidi kazini na mpole zaidi nyumbani, kana kwamba mtu huvaa na kuvua moyo kama koti. Alichopaswa kuwa nacho Universal ni Thalberg mwingine, mtu mwenye mamlaka ya kuandikwa, aliyesimama kati ya baba na mwana, ili upendo uwe na mpaka ambao mwenye upendo hakulazimika kuuchora mwenyewe.

Hoja ya konseli wa Stuttgart haikuwa ya kipumbavu kisheria. Mzee wa miaka 71 hawezi kulisha watu 300. Lakini ilikuwa imekosea kuhusu watu wenyewe: washonaji, walimu, wafanyabiashara wa mifugo na vijana wao hawakuhitaji kulishwa miaka mingi, bali kuteremka bandarini wakiwa hai na kupata mtu wa kuwapokea wiki za kwanza. Laemmle aliteremka New York mwaka 1884 akiwa na kidogo kuliko wengi wao, na hakuna aliyemtaka hati.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 sinagogi la Laupheim lilichomwa moto. Maombi yaliongezeka. Laemmle aliendelea kuandika hadi tarehe 24 Septemba 1939, alipofariki nyumbani kwake kwa ugonjwa wa moyo, majuma matatu tu baada ya vita kuanza. Hati ya kiapo ya marehemu haimdhamini mtu, hivyo waliokuwa bado katika foleni ya viza walipaswa kuanza upya na kutafuta mdhamini mwingine, huku meli zikizidi kuwa chache. Ofisi za konseli za Marekani nchini Ujerumani zilifungwa Julai 1941. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo kundi la kwanza la Wayahudi wa Laupheim lilichukuliwa hadi Stuttgart, na kutoka huko likapelekwa kwa treni mpaka Riga, Latvia.